Mnywaji wa Mto Lukwi

Tusajigwe Mwambene alipoingia katika ofisi ya Mamlaka ya Mito kwa mara ya tatu mwaka ule, hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Alisimama mbele ya meza, mkoba kaubana kwapani, viatu vikiwa bado na udongo mwekundu wa kule kiwanjani.

"Tathmini ya athari kwa mazingira mmeipitisha," alisema. "Mkutano na wananchi nimefanya, nikaurudia mlipotaka niurudie. Miti mliyosema nipande kando ya mto nimepanda, na imeshika. Sasa nani anakizuia kiwanda changu?"

"Hakuna anayekizuia, Injinia," alisema Bi. Zamoyoni. "Kinasubiri mnywaji."

Bi. Zamoyoni alikuwa mwanamke mnene, mpole wa kusema, aliyekuwa ofisini humo tangu Mamlaka ianzishwe. Watu wote walijua amezaliwa kando ya Mto Kisomo, ule uliouawa na kiwanda cha betri pamoja na waliokuwa wakiunywa. Vipimo vya mto ule vilisomeka safi mpaka siku ya mwisho, kwa sababu aliyekuwa akivisoma alikuwa amenunuliwa. Baada ya mazishi ndipo ilipotungwa sheria hii mpya.

"Niwekeeni mimi," alisema Tusajigwe. "Mtambo ni wangu, nimeubuni mimi. Nitakunywa mimi."

"Sheria hairuhusu."

"Kwa nini?"

"Tulianza hivyo. Wenye viwanda walijiwekea wenyewe. Walikunywa, wakaugua, wakavumilia, mitambo ikaendelea kufanya kazi. Mtu akikitaka kitu sana huweza kuyadanganya hata maumivu yake mwenyewe." Bi. Zamoyoni alivuta kutoka kwenye droo kichupa cha kioo, akakiweka mezani. Ndani yake mlikuwa na kitu kidogo kama punje ya harage, cha rangi ya kijivu. "Lakini mtu wako akiumwa mbele ya macho yako, utauzima. Lete mtu wa damu yako. Awe mzima, awe na afya, na awe amekubali mwenyewe."

Tusajigwe aliitazama ile punje. Hakuhitaji kuelezwa inavyofanya kazi. Ilikuwa tezi ya kutengenezwa, iliyofukiwa chini ya mfupa wa mtulinga. Mtoni, chini kidogo ya bomba la kiwanda, vilizamishwa vipimo vilivyoonja maji mchana kutwa na usiku kucha. Kila vilichokionja, tezi ilikitengeneza ndani ya damu ya mnywaji, kwa kiasi kile kile ambacho angekipata mtu wa bondeni anayechota maji yale na kuyanywa kila siku. Hapakuwa na skrini wala karatasi ya matokeo, maana hivyo vilishawahi kununuliwa. Palikuwa na mwili tu. Na mnywaji alipewa mamlaka ambayo hata Bi. Zamoyoni hakuwa nayo: akigusa mtulinga wake na kutamka neno moja, mitambo yote ilisimama, na hakuna aliyeweza kuiwasha tena ila yeye.

"Binti yangu hana muda, mama," alisema Tusajigwe. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka.

"Najua," alijibu Bi. Zamoyoni. "Wale wa Kisomo nao hawakuwa nao."

*

Ugonjwa ulioitwa ganzi ulikuwa umeingia nyanda za juu baada ya ile miaka ya joto, wakati mahindi yalipoota ukungu ghalani. Uliwashika watoto zaidi. Ulianzia kwenye vidole vya miguu, ukapanda taratibu, na ulipofika kifuani mtoto aliacha kupumua kana kwamba amesahau. Dawa ilikuwepo, ikitengenezwa ng'ambo, lakini waliokuwa wakiitengeneza nao walikuwa na watoto wao, na meli zikaacha kuja. Yalikuja maelekezo tu ya namna ya kuitengeneza, yakaachiwa yeyote atakayeweza. Tusajigwe, aliyesomea kemia na kufanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha chai, aliweza. Alichohitaji ni mapipa ya kuoteshea vijidudu vinavyotoa dawa, maji mengi, na mahali pa kuyapeleka maji yale yakishachafuka.

Aliporudi nyumbani siku ile alimkuta Lugano, binti yake wa pekee, amekaa mkekani na sketi imelowa. Mtoto alikuwa na miaka kumi na moja. Alikuwa amejimwagia chai ya moto pajani.

"Sijasikia kitu, mama," alisema Lugano, akicheka kidogo, halafu akaacha kucheka alipouona uso wa mama yake.

Ganzi ilikuwa imevuka magoti.

Gwamaka, mdogo wake Tusajigwe, alitoka jikoni na kitambaa chenye maji baridi. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mrefu, mwenye makovu ya cheche mikononi. Nusu ya mabomba ya kiwanda alikuwa ameyaunga yeye. Tangu baba yake Lugano aondoke, ni Gwamaka aliyembeba mtoto huyo mgongoni kwenda shule, na sasa kwenda chooni. Alimpaka dawa ya kuungua, akambeba mpaka kitandani, kisha akarudi kukaa karibu na dada yake.

"Wamesemaje huko?"

"Wanataka mnywaji."

"Mimi pombe nimeacha tangu Pasaka."

"Gwamaka."

"Najua, dada. Nimeshaisoma hiyo sheria. Mtu wa damu, mzima, mwenye afya. Ukoo huu tumebaki wangapi?" Alinyoosha miguu yake mirefu. "Si unasema maji yatatoka safi?"

"Yatatoka safi."

"Basi nitakunywa maji safi. Kuna ubaya gani?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema.

Maji machafu ya kiwanda yangepita kwanza kwenye bwawa, na humo bwawani bakteria wangeila sumu taratibu mpaka iishe, ndipo maji yaachiwe kwenda mtoni. Kazi hiyo ilitaka muda, na muda ulitaka bwawa kubwa. Tusajigwe alikuwa amelipima bwawa lake kwa mvua za miaka ya nyuma, kama sheria ilivyoelekeza, na kwa mvua hizo lilitosha. Lakini alikuwa mwenyeji wa milima ile. Alikuwa ameziona masika mbili zilizopita, jinsi zilivyonyesha kana kwamba mbingu imepasuka. Mvua ya namna hiyo ingelijaza bwawa na kulimwaga kabla bakteria hawajamaliza kazi yao. Kulipanua kulitaka kupasua mwamba, na kupasua mwamba kulitaka karibu mwaka mzima. Ganzi isingesubiri mwaka.

Labda masika ijayo itakuwa ya kawaida, alijiambia. Labda.

"Hakuna ubaya," alisema.

*

Tezi iliwekwa kwenye zahanati ndogo nyuma ya ofisi ya Mamlaka. Haikuchukua muda. Gwamaka alilala chali bila shati, akimuuliza muuguzi kama ataruhusiwa kucheza mpira Jumapili. Bi. Zamoyoni alisimama miguuni pa kitanda. Kabla muuguzi hajakata ngozi, alimgeukia Tusajigwe.

"Kuna jambo lolote la mtambo huu ambalo unalijua wewe na mdogo wako halijui?"

Tusajigwe alimtazama Gwamaka. Gwamaka naye alikuwa akitazama dari, ametulia kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Hakuna," alisema.

Kibali kilitoka mchana ule ule.

Miezi iliyofuata ilikuwa myema, na jambo hilo lilimtesa Tusajigwe baadaye kuliko yote. Vijidudu viliota vizuri mapipani. Dawa ya kwanza alimnywesha Lugano kwa mkono wake, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Baada ya wiki chache mtoto alilalamika kwamba vidole vinamwasha, na nyumba nzima ikalia kwa furaha ya muwasho huo. Wazazi walianza kuja kutoka kata za mbali, watoto mgongoni. Dawa ilitakiwa kunywewa nusu mwaka bila kukatisha. Aliyekatisha, ganzi ilimrudia, na ilirudi kwa kasi kuliko ilivyokuja. Kwa hiyo kila mzazi alipewa siku yake ya kuchukua, na hakuna aliyekosa. Gwamaka alicheza mpira Jumapili zote. Hata alinenepa kidogo.

Kisha masika ikaingia.

Wiki ya kwanza ilinyesha kama kawaida. Ya pili, haikukatika. Tusajigwe alipanda bwawani asubuhi moja akiwa na mwavuli uliokwisha pinduka, akaona maji yameshafika ukingoni. Kesho yake yalikuwa yanapita juu ya ukingo, ya kahawia, yenye povu, yakiteremka moja kwa moja kuelekea Lukwi.

Siku hiyo hiyo Gwamaka alirudi mapema kutoka karakana. Alisema kichwa kinauma na viungo vimemlegea.

"Malaria hii," alisema. "Mbu wa masika hawana adabu."

Tusajigwe alikwenda duka la dawa. Alinunua dawa mseto, akapika uji, akaketi kando ya kitanda cha mdogo wake, akamwangalia anavyomeza vidonge.  

Alikuwa akihesabu mambo kichwani. Akizima mapipa, vijidudu vitakufa, na kuviotesha upya kutachukua zaidi ya mwezi. Akiba ya dawa haifiki nusu ya mwezi huo. Lugano alikuwa bado katikati ya matibabu, anatembea akishika ukuta. Asipozima, mvua inaweza kukatika kesho. Gwamaka ni kijana, ini lake lina nguvu. Mara mbili alipanda mpaka kwenye chumba cha mitambo, akaweka mkono kwenye swichi kuu, akasikia mapipa yakinguruma taratibu, kisha akautoa mkono na kuteremka. Mvua haikukatika kesho yake, wala siku iliyofuata.

Lugano ndiye aliyesema. Alikuwa ametoka kumpelekea mjomba wake maji ya kunywa, polepole, hatua kwa hatua, akijivunia kikombe ambacho hakikumwagika.

"Mama, macho ya mjomba yamekuwa ya njano. Kama ndizi mbivu."

Tusajigwe aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea viazi. Aliingia chumbani, akafunga mlango nyuma yake, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Si malaria," alisema.

Gwamaka alifungua macho. Yalikuwa ya njano kweli.

"Bwawa limemwagika. Tangu siku uliyoanza kuumwa." Alisema yote, bila kupamba: mvua alizopimia, mvua alizozijua, mwamba ambao haukupasuliwa. Alisema mpaka maneno yakaisha. Nje mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba alilazimika kurudia baadhi ya mambo mara mbili, na kuyarudia kulikuwa kugumu kuliko kuyasema.



"Siku ile wananiwekea hiki kitu," alisema Gwamaka, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na vidonge ulivyonipa juzi?"

"Vya malaria."

"Ukijua siyo malaria."

"Nikijua."

Alijigeuza akatazama ukuta. Tusajigwe alitaka kumshika bega, akaogopa.

"Ungeniambia ningekubali," alisema Gwamaka, uso bado ukutani. "Hilo ndilo linaloniuma. Kwa ajili ya huyu mtoto ningekubali tu. Wewe hukunipa hata nafasi ya kukubali."

"Nisamehe."

"Subiri kwanza." Alijigeuza tena, safari hii kwa shida, akajiinua kwa kiwiko. Kuna jambo lilikuwa limemjia akilini. "Watu wa Mbaswa wanachota wapi maji?"

Mbaswa kilikuwa kijiji cha bondeni, Lukwi inapotulia kabla ya kuingia kwenye mashamba ya mpunga. Tusajigwe alikijua. Mkutano wake wa wananchi aliufanyia huko, chini ya paa la shule.

"Mtoni," alisema.

"Hata sasa? Kwenye mvua hii?"

"Mtoni."

"Basi na wao macho yao ni ya njano," alisema Gwamaka. "Na wao wanadhani ni malaria."

 Siku zote zile alikuwa amepima uzito wa mdogo wake dhidi ya uzito wa binti yake, dhidi ya watoto wengine wa dawa, akaongeza na kutoa, na kila mtu aliyemjali alikuwa ndani ya hesabu hiyo. Mbaswa haikuwemo. Hakuisahau kwa makusudi. Haikuwemo tu.

"Muite Lugano," alisema Gwamaka.

"Usimwingize mtoto."

"Wewe uliniingiza bila kuniambia. Mimi nitamwambia. Muite."

Lugano alikuja akishika ukuta. Mjomba wake akampisha nafasi kitandani, akamweka karibu.

"Sikiliza, mjomba. Kiwanda cha mama kinatia sumu mtoni. Mimi naumwa kwa sababu hiyo, na watu wa bondeni wanaumwa pia. Ninaweza kukifunga. Nikikifunga, dawa itasimama. Miguu yako inaweza kulala tena. Unanielewa?"

Mtoto alitazama miguu yake, kisha akamtazama mama yake, kisha mjomba wake.

"Sitaki," alisema.

"Najua."

"Sitaki, mjomba. Nimeanza kutembea."

"Najua, mama. Najua." Gwamaka alikuwa akilia sasa, waziwazi, machozi yakipita kwenye yale macho ya njano. Alimkumbatia kwa mkono mmoja, akamwegemeza kichwa kifuani pake upande wa kushoto. Kwa mkono mwingine akagusa mtulinga wake, pale kwenye kovu.

"Funga," alisema.

Kule mlimani mngurumo wa mapipa, ambao walishauzoea kiasi cha kutousikia tena, ulikatika. Ikabaki mvua peke yake.

*

Majirani walimpeleka Gwamaka hospitali ya wilaya kwa gari la kubebea chai. Daktari alisema ini linaweza kupona, kama sumu itakoma kuingia. Lakini haikuwa imekoma. Mapipa yalikuwa yamezima, ila kilichokuwa tayari bwawani kingeendelea kumwagika mpaka mvua ikisafishe, na kwa sheria tezi isingetolewa wakati mto bado una sumu. Mpaka hapo Gwamaka angeendelea kunywa. Na Mbaswa wangeendelea kunywa, wao bila daktari.

Tusajigwe alizipima dozi zilizobaki, akazigawa sawa kwa watoto wote, ya Lugano haikuzidi ya mwingine hata tone. Alimpa jirani funguo za ghala la dawa. Alimpigia simu Bi. Zamoyoni na kumwambia kila kitu. Bi. Zamoyoni alisikiliza mpaka mwisho.

"Magari ya maji safi nitayatuma leo," alisema. "Lakini daraja la Mbaswa limekatika. Yatazunguka, yatafika kesho jioni. Kuna mtu wa kuwaambia watu wasinywe mpaka hapo?"

"Nakwenda mimi," alisema Tusajigwe.

Aliteremka kwa miguu, kwa njia isiyopita darajani, nayo ikiwa tope tupu, akianguka na kuinuka. Alifika mchana, amelowa mpaka kwenye mifupa, pumzi zimemwishia. Nyumba ya kwanza ilikuwa na baraza ndogo, na barazani alikaa mwanamke mzee akipeta mchele. Nyuma yake, mlangoni, alilala mvulana kwenye godoro jembamba. Tusajigwe alimtambua. Alikuwa miongoni mwa watoto wake wa dawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ee, mbona umelowa hivyo? Wewe si ndiye mama wa dawa?" Mzee aliweka ungo chini, akainuka haraka kuliko umri wake. "Pita, pita ukae. Mimi ni Bibi Sekela, mjukuu wangu huyu wewe ndiye umemrudishia miguu. Hebu upumzike kwanza."

Alifunua mtungi, akachota kikombe kikajaa, akamletea kwa mikono miwili.

Tusajigwe alikipokea. Yalikuwa maji mazuri kuyatazama, yametulia, hayana rangi wala harufu. Koo lake lilikuwa limekauka. Kwa kitambo alifikiria kuyanywa yote, ili naye anywe walichokunywa wao, lakini aliona kwamba huko nako kungekuwa kujitafutia nafuu.

"Bibi, yamwage haya," alisema. "Na ya mtungini. Maji ya mto yana sumu. Yametoka kwenye kiwanda changu."

Bibi Sekela hakuelewa mara moja. Alikitazama kikombe, akamtazama mgeni.

"Mjukuu ana homa tangu juzi," alisema polepole. "Nimempa vidonge vya malaria."

"Si malaria."

"Na dawa yake ya miguu?"

"Imesimama. Kiwanda kimefungwa. Iliyobaki haitoshi."

Mzee alikaa chini. Mchele uliokuwa kwenye ungo ulikuwa unalowa kwa matone ya upenuni, naye hakuusogeza.

"Ulijua lini?"

"Tangu kabla ya kujenga."

Mvulana alikohoa ndani. Bibi Sekela aligeuka akamtazama, akakaa akimtazama mpaka kikohozi kikaisha. Kisha akainuka, akaushika mtungi kwa vishikio vyake viwili, akaubeba mpaka nje ya baraza na kuuinamisha. Maji yaliteremka uani yakachanganyika na ya mvua. Akarudi kuchukua ndoo, nayo akaimwaga. Akachukua kikombe mkononi mwa Tusajigwe, akakimwaga pia.

Alipomaliza alijitanda khanga kichwani, akamshika Tusajigwe juu kidogo ya kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyenye nguvu.

"Nyumba ni nyingi hapa," alisema. "Utawaambia wote, kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia mimi. Mimi nitakushika hivi hivi, ili usikimbie."

Wakaingia kwenye mvua pamoja, na mlangoni pa nyumba ya pili Bibi Sekela akapiga hodi.